Kupasua kifua au kupitia pajani? Swali la babu wa Kwa Mtoro

Wadau, leo tuachane na siasa kidogo. Nilikwenda Chemba kufuatilia habari za alizeti, nimerudi na habari ya moyo. Pale Kwa Mtoro babu mmoja wa Kisandawe, umri miaka 76, alisikia kuna mwandishi wa habari akaniita. Akatoa karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Kwa ufupi ilisema valvu ya aota, yaani ule mlango unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, imekakamaa na kubana.

"Mjukuu wangu, wewe umesoma," akaniambia. "Wanasema nifunguliwe kifua. Kijana wangu aliyeko Dar kasoma gazetini kwamba siku hizi wanatoboa tundu dogo tu. Sasa kwa nini mimi nipasuliwe kama mbuzi?"

Sikuwa na jibu. Na aibu zaidi, huenda habari aliyoisoma huyo kijana tumeiandika sisi wenyewe. Waandishi tukisikia "upasuaji wa tundu dogo" tunakimbilia kichwa cha habari. Kumbe jina hilo limebeba mambo mengi: kuzibua mishipa ya moyo, kuweka betri, kupanua valvu kwa puto, hata kuweka valvu mpya. Nikaona niichimbe historia yake.

Ajabu ni kwamba tundu dogo lilitangulia. Mwaka 1925 jijini London, Henry Souttar alipitisha kidole chake ndani ya moyo wa msichana, moyo ukiwa unadunda, akaipanua valvu iliyobana. Msichana alirudi nyumbani, lakini madaktari wenzake hawakumletea mgonjwa mwingine wa namna hiyo. Kazi ya kidole ilifufuka mwaka 1948, kwa Charles Bailey kule Philadelphia na Russell Brock London.

Kidole hakiwezi kubadilisha valvu. Ilibidi moyo usimamishwe, na hilo liliwezekana baada ya John Gibbon kufanikiwa na mashine ya moyo na mapafu mwaka 1953. Mwaka 1960 Albert Starr, daktari, na Lowell Edwards, mhandisi, wakaweka valvu yao iliyokuwa kama mpira mdogo ndani ya kizimba. Tangu hapo njia kuu ikawa moja: mfupa wa kifua unapasuliwa katikati, mashine inashika kazi, valvu mbovu inakatwa, mpya inashonwa.

Kwetu njia hiyo ilichelewa. Kwa miaka mingi Serikali ilikuwa ikipeleka wagonjwa India. Muhimbili ilianza kufungua kifua mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Tena ugonjwa mkubwa wa valvu huku kwetu si wa wazee. Ni wa watoto na vijana walioumwa koo, wakapata homa ya rumatiki, valvu zikaharibika. Kijana mara nyingi huwekewa valvu ya chuma inayodumu, halafu anameza warfarini maisha yote na kupima damu mara kwa mara. Fikiria kupima damu kila mwezi ukiwa Farkwa wakati wa masika! Mzee kama babu kwa kawaida huwekewa valvu ya mnyama, ya ng'ombe au nguruwe. Inachakaa baada ya miaka 10 hadi 15 hivi, lakini kwa kawaida haimfungi na warfarini ya maisha.

Sasa turudi pajani. Mwaka 1985 Mfaransa Alain Cribier, mjini Rouen, alianza kupanua valvu za aota za wazee kwa puto. Walipata nafuu, lakini baada ya miezi valvu zikabana tena. Mwaka 1989 Henning Rud Andersen wa Denmark, kijana bado, alinunua waya dukani na mioyo ya nguruwe buchani, akatengeneza valvu ya kukunjwa na kuijaribu kwa nguruwe. Majarida ya kitabibu yalimkataa kwanza. (Wahariri ni wale wale dunia nzima!) Aprili 16, 2002 Cribier akaweka valvu ya namna hiyo kwa mtu wa miaka 57 aliyekuwa anakufa na ambaye madaktari wa upasuaji walishamkataa. Valvu ilifanya kazi. Mgonjwa alifariki miezi minne baadaye kwa matatizo mengine.

Yaani njia ya pajani ilianza kwa walionyimwa kisu. Utafiti wa mwaka 2010 ulichukua wagonjwa 358 wasioweza kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamefariki asilimia 30.7 ya waliowekewa valvu, dhidi ya 50.7 ya wengine, ingawa kiharusi kilikuwa zaidi kwa waliowekewa. Mwaka 2019 wakapimwa 1,000 wenye nguvu, wastani wa miaka 73. Kwa mwaka wa kwanza kifo, kiharusi au kurudi hospitali viliwapata asilimia 8.5 wa pajani na 15.1 wa kifuani. Ilipofika miaka mitano pengo lilikuwa limepungua kiasi cha kutothibitika kitakwimu. Na Marekani valvu hiyo peke yake imekuwa ikiuzwa kwa takriban dola 30,000. Ng'ombe wangapi wale?

Kuna njia ya tatu iliyoenea kuanzia mwaka 1996: mashine ni ile ile, ila daktari anapita kwenye mpasuo mfupi au kati ya mbavu. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2023, wa wagonjwa 330 wenye wastani wa miaka 67 waliokuwa wakirekebishiwa valvu ya mitrali, uliwakuta wa tundu dogo wakitoka hospitali mapema kidogo. Lakini baada ya wiki 12 nguvu za mwili zililingana.

Nilimpigia babu nikamsomea hayo, ya dola nikayaweka mwisho. Nikamwambia akamuulize daktari wake mambo mawili: njia ya pajani inawezekana kwake, na valvu watakayomwekea ni ya nini. Akanyamaza. Kisha akauliza kitu kimoja tu, zile wiki 12.

"Nikipasuliwa Oktoba, Januari nashika jembe?"

Nikamwambia mfupa wa kifua huunga kwa wiki sita hadi 12, kwa hiyo jembe la Januari linawezekana ila halina uhakika. Akasema ataongea na mwanawe Jumapili.