Nyama ya steki: jinsi ya kujua imeiva kwa kuibonyeza

Steki ni mnofu wa ng'ombe usio na mfupa. Ikiwa motoni, wapishi wengi huibonyeza kwa kidole badala ya kuikata, ili isipoteze maji yake.

Kwa nini kidole? Nyama mbichi ni laini na hubonyea. Joto likipanda, nyuzi za nyama hujikaza na kukamua maji, hivyo nyama huzidi kuwa ngumu.

Kipimo unacho mkononi. Legeza kiganja, kisha bonyeza mnofu ulio chini ya kidole gumba: nyama mbichi iko hivyo. Gusisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada, ubonyeze tena: ndani bado ni nyekundu. Kidole cha kati au cha pete: ndani imebaki wekundu hafifu. Kidole cha mwisho: imeiva kabisa.

Lakini msikilizaji, kidole hakipimi joto. Usikitegemee kwa kuku, nguruwe wala nyama ya kusaga. Nyama ya kusaga inahitaji kufika nyuzi joto 71 katikati, kuku 74.

Hata steki, kama ng'ombe hakupimwa na mkaguzi wa nyama, huenda ina vifuko vya minyoo ya tegu. Ipike mpaka wekundu uishe ndani. Na mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe kabisa: vimelea vya kimeta huhimili moto wa jikoni, na kumchuna tu kunatosha kukuambukiza.