Kiti cha Asiyeweka Nafasi

Tiketi ya treni isiyo na namba ya kiti humpa abiria haki ya kusafiri; haki ya kukaa anaitafuta mwenyewe. Japani huipata kwa kuwahi. Kwenye majukwaa ya treni za kasi za Shinkansen zimechorwa alama mahali utakaposimama mlango wa behewa la viti huria, na watu hujipanga hapo kimya. Ujerumani huipata kwa kusoma. Kibao kidogo kwenye kiti cha treni ya kasi ya ICE huonyesha kimewekwa kutoka mji gani hadi upi, na mwenye nafasi asipotokea ndani ya dakika 15 baada ya treni kuondoka, haki yake imekwisha. Asiyeijua kanuni hiyo huweza kusimama kando ya kiti kitupu.

India, katika mabehewa ya kawaida yasiyo na namba, kiti hupatikana kwa watu. Leso hurushwa dirishani ili kushika nafasi, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kupitisha mkoba kwenye dirisha la daladala atalielewa mara moja. Lakini leso huanzisha mazungumzo tu. Benchi la watatu hukaliwa na wanne, kisha mama mwenye mtoto anaomba, na wote wanasogea.

Sitaki kuupamba msongamano huo, kwani mwenye kifua ndiye anayetangulia kuingia. Gandhi, aliyesafiri daraja la tatu kwa kusudi, aliandika mwaka 1917 kuhusu safari yake kutoka Bombay hadi Madras: behewa la abiria 22 lilibeba hadi 35, wengine wamelala sakafuni penye uchafu. Ngumi zilikaribia kurushwa, na waliozizuia ni abiria wenye umri. Lawama aliitupia reli, na alikuwa na haki. Mimi nashikwa zaidi na wale wazee: bila cheo wala sare, walisikilizwa.

Foleni ya Kijapani naiheshimu, ila haiulizi nani amechoka. Tena tangu mwisho wa mwaka 2023, misimu mikubwa ya sikukuu treni za Shinkansen ziitwazo Nozomi hazina viti huria kabisa. Asiyeweka nafasi husimama karibu na milango. Viti vyenyewe ni vya mtu mmoja mmoja, vimetengwa kwa mihimili ya kuegemeza mikono. Hata jirani mwenye huruma hana pa kusogea. Labda ainuke yeye.