Bakteria adimu wa ubongo na hatari yao kwa wenye kinga dhaifu

MTU anapoanza kuweweseka, kuumwa na kichwa mfululizo na kushikwa na kifafa ilhali hajawahi kuugua maradhi hayo, jamaa zake katika vijiji vya Garsen na kwingineko katika Kaunti ya Tana River aghalabu hufikiria mambo mawili: ama malaria imempanda kichwani, ama amepandwa na pepo.

Malaria ni sharti ipimwe kwanza, kwani bado ipo katika eneo hilo na huua haraka. Lakini kipimo kikionyesha kwamba hakuna malaria, au mgonjwa akamaliza dawa bila kupata nafuu, kuna kundi la maradhi yasiyotajwa sana ambalo daktari hana budi kulifikiria. Haya ni maambukizi ya ubongo yanayosababishwa na bakteria ambao kwa mtu mwenye afya njema hupita bila madhara makubwa.

Ubongo umezungukwa na utando, na mishipa yake ya damu ina kizuizi kinachozuia vijidudu vingi kupenya. Bakteria wachache wana ujanja wa kukivuka. Wengine hujificha ndani ya chembechembe zilezile za damu zilizoumbwa ili kuwaangamiza, kisha husafirishwa nazo hadi ndani. Kinga ya mwili ikiwa imara, wengi wao huuawa kabla ya safari hiyo kuanza.

Wanaojulikana kuwa na kinga dhaifu si watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi pekee. Wamo wagonjwa wa kisukari, wa saratani na wa figo, wazee, wajawazito, watoto wachanga na waliodhoofishwa na utapiamlo. Wamo pia wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Vidonge hivyo huuzwa kiholela madukani kutuliza maumivu ya viungo, au kwa wanaotaka kunenepa, na anayevimeza hajui kwamba anaubomoa ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Jina la Kiswahili la maradhi makuu katika kundi hili, homa ya uti wa mgongo, linapotosha kidogo. Kinachovimba si uti wenyewe bali ni utando unaoufunika pamoja na ubongo. Ndiyo sababu mgonjwa hulalamikia kichwa na kukakamaa shingo, huku mgongo ukiwa haumsumbui hata kidogo.

Miongoni mwa bakteria hao, yule wa kifua kikuu si adimu, lakini anapoingia ubongoni ndiye hatari zaidi kwa wenye virusi vya Ukimwi. Huja polepole. Mgonjwa huweza kuwa na homa ndogo, uchovu na maumivu ya kichwa kwa wiki mbili tatu kabla ya kuanza kuchanganyikiwa. Matibabu yake huchukua miezi 12, mara mbili ya muda wa kifua kikuu cha mapafu, na dawa hutolewa bila malipo katika hospitali za umma.

Listeria ni wa aina nyingine. Bakteria huyu, aliyetambuliwa mwaka wa 1926 na watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliokuwa wakichunguza vifo vya sungura, hupatikana katika udongo, maji, kinyesi cha mifugo na maziwa yasiyochemshwa. Tofauti na bakteria wengi, huendelea kuongezeka hata ndani ya jokofu. Chakula chenye bakteria huyu hakibadiliki harufu wala ladha, na dalili huweza kuchukua hadi siku 70 kujitokeza, wakati mgonjwa hakumbuki tena alichokula.

Ukali wake ulidhihirika Afrika Kusini. Kati ya Januari 2017 na Julai 2018, watu 1,060 walithibitishwa kuambukizwa na zaidi ya 200 wakafariki. Chanzo kilikuwa soseji nene za polony kutoka kiwanda kimoja mjini Polokwane. Zaidi ya thuluthi moja ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga walioambukizwa kutoka kwa mama zao. Shirika la Afya Duniani lilisema huo ulikuwa mkurupuko mkubwa zaidi wa listeria kuwahi kunakiliwa.

Polony si chakula cha kila siku katika bonde la Tana. Maziwa ndiyo chakula. Waorma na Wawardei ni wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na maziwa yao huwafikia Wapokomo wanaolima kando ya mto pamoja na wakazi wa mji wa Garsen. Wapo wanaoyanywa mabichi, na wapo wanaoamini kuwa yakishaganda huwa salama. Uchachu hupunguza baadhi ya vijidudu lakini si dhamana. Kuyachemsha ndiyo njia ya hakika, na yanaweza kugandishwa baada ya hapo.

Kuna jambo moja kuhusu listeria ambalo lingestahili kubandikwa ukutani katika kila wodi. Dawa ya seftriaksoni, ambayo ndiyo hudungwa kwanza mgonjwa anaposhukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, haimuui bakteria huyu. Anayemuua ni ampisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ambayo mara nyingi huambatanishwa na jentamisini. Hivyo basi, mgonjwa mjamzito, mzee au mwenye kinga dhaifu huhitaji ampisilini iongezwe tangu mwanzo, kabla ya majibu ya maabara kurudi. Pasipo kuambiwa hali ya mgonjwa, tabibu hana sababu ya kuiongeza.

Nokadia naye huishi udongoni. Anaitwa kwa jina la Edmond Nocard, daktari wa mifugo wa Ufaransa aliyemweleza mwaka wa 1888 kutokana na ugonjwa wa ng'ombe kisiwani Guadeloupe. Huingia mwilini kwa vumbi linalovutwa puani au kwa kidonda, hata cha mwiba. Katika eneo ambalo mathenge, mti wenye miiba mikali ulioletwa Bura na Hola miaka ya 1980, umetapakaa hadi njiani, vidonda vya aina hiyo havikosekani.

Kwa kawaida nokadia huanzia mapafuni na kufanana mno na kifua kikuu. Kutoka huko husafiri kwa damu hadi ubongoni na kuunda jipu la usaha. Dalili hutegemea jipu lilipo: mkono mmoja kulegea, ulimi kuwa mzito, macho kuona mawili mawili au kifafa cha ghafla. Bakteria huyu hukua taratibu, na maabara inayotupa sampuli baada ya siku mbili haiwezi kumwona. Huhitaji kuachwa hadi wiki mbili au tatu.

Dawa yake kuu ni ileile Septrin ambayo wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamekuwa wakipewa kama kinga, ila kwa kipimo kikubwa zaidi na kwa muda unaoweza kufika mwaka mzima. Jipu kubwa hulazimu upasuaji.

Brusela, aliyegunduliwa na David Bruce kisiwani Malta mwaka wa 1887, hahitaji kinga dhaifu ili kuambukiza, na ugonjwa wake unafahamika vyema kwa wafugaji. Huenezwa kwa maziwa mabichi na kwa kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu. Ni wagonjwa wachache ambao hufikiwa ubongoni, lakini hao huhitaji dawa kadhaa kwa miezi mingi.

Kutofautisha maradhi haya hutegemea kipimo kinachoogopwa kuliko vyote: kudungwa sindano kiunoni ili kuchukua maji ya uti wa mgongo. Inaaminika na wengi kwamba sindano hiyo hupoozesha au huua. Hudungwa chini ya mahali uti unapoishia, na wanaofariki baadaye aghalabu huwa walifikishwa wakiwa mahututi. Daktari akishuku jipu, huahirisha kipimo hicho hadi picha ya CT ipigwe kwanza.

Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na Mombasa ni mbali zaidi. Mto ukifurika, kama mwaka wa 2018 na tena kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi 2024, baadhi ya vijiji vya delta hufikika kwa mashua tu. Dozi ya kwanza ya dawa inapasa kutolewa kabla ya safari, katika kituo kilicho karibu.

Anayemsindikiza mgonjwa na abebe kadi yake ya kliniki na vidonge vyote anavyomeza, vikiwemo vya dukani. Amweleze tabibu homa ilianza siku gani, kama mgonjwa ni mjamzito, ana kisukari au ameacha dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, na kama amekuwa akinywa maziwa mabichi.