Usukani: Neno lililotoka majini hadi gereji za Kitale na Bungoma

Gari kuukuu ni kamusi ya aina yake. Ukilifungua kipande kwa kipande, utakuta humo historia ya watu waliokutana Afrika Mashariki. Juma hili ninaangazia vipande viwili tu: usukani na honi.

Neno usukani lina asili ya Kiarabu, sukkan, yaani ule ubao wa nyuma ya chombo, ndani ya maji, unaokielekeza. Mti unaoshikwa mkononi ili kuugeuza ubao huo, mabaharia wa pwani waliuita kana. Gari lilipofika, neno usukani lilipanda kutoka majini likaja mkononi mwa dereva, nayo kana ikaachwa jahazini.

Honi ilipita njia tofauti. Waswahili walikuwa na baragumu, pembe na siwa. Siwa ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba ni mashuhuri hadi leo. Mbona basi jina likakopwa Kiingereza? Kwa maoni yangu, sababu ni kazi. Siwa ilipigwa katika sherehe za wakubwa. Honi humwambia mwenye ng'ombe aondoke njiani. Hata hivyo kitenzi kilibaki chetu: tunapiga honi kama tulivyopiga baragumu.

Huku magharibi mwa Kenya, Kiswahili kilitangulia gari. Kilikuja na misafara iliyopitia Mumias. Baadaye reli ilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu iliyopitia Bungoma ikafika Kampala mwaka 1931. Walowezi wa Trans Nzoia walikuwa na magari, na magari yalihitaji mafundi. Ndipo gari la Kihindi likakutana na spana na gereji za Kiingereza.

Mafundi wa leo wamerithi lugha hiyo. Mjini Kitale nilimtazama mmoja akishughulikia Volkswagen ya miaka ya 1960, ile ya mgongo wa kobe. Honi ilikuwa kimya. Mwenye gari alitaka kununua nyingine. "Honi haijakufa, mzee," fundi akamwambia. "Ni athi imekatika."

Alikuwa sahihi. Katika nyingi za Volkswagen hizo, shafti inayotoka kwenye usukani huungwa na boksi ya stelingi kwa kipande cha mpira. Mpira haupitishi umeme, kwa hivyo kuna waya mfupi unaouvuka ili umeme wa honi urudi kwenye bodi. Waya huo ukikatika, utabonyeza hadi uchoke. Fundi aliufunga waya mpya, honi ikalia.

Mjini Bungoma nako nilimsikia mteja akilalamika, "Usukani umelegea." Fundi hakugusa spana. Aliuliza kwanza: "Ni stelingi yenyewe inacheza, ni shafti, ama ni boksi?" Swali hilo lina uzito. Nati ya usukani hukazwa kwa dakika chache. Kiungo cha shafti kilicholika hubadilishwa. Boksi iliyochakaa hufunguliwa yote. Ukikaza nati huku kiungo kimelika, unamrudisha mtu kwenye barabara ya Webuye akiwa hatarini.

Hapo ndipo penye pengo. Neno usukani tulilosomeshwa shuleni linabeba gurudumu la mkononi pamoja na mfumo mzima. Mafundi wameshautenganisha: stelingi, shafti, boksi. Baadhi ya walimu hucheka maneno haya wakiyaita ya mtaani. Lakini mwanafunzi wa ufundi husoma kwa Kiingereza na kufanya kazi kwa Kiswahili, na maneno hayo ndiyo daraja lake.

Mabaharia waliupa ubao jina lake na mti jina lake kwa kuwa maisha yao yalitegemea vyote viwili. Mafundi wetu wanafanya vivyo hivyo. Watunzi wa kamusi wafike gereji, wasikilize, waandike.