Kisiwa Kilichofichwa na Jina Lake

Andika neno moja tu kwenye Google, Mafia, kisha utazame kinacholetwa. Utakutana na majambazi wa Sicily, filamu za magenge ya New York, michezo ya kompyuta, na ule mchezo wa kumsaka muuaji ambao wanafunzi huucheza bwenini usiku. Kisiwa chetu, kilichokuwa na wakazi zaidi ya 46,000 kwa sensa ya mwaka 2012, kinasubiri nyuma ya foleni hiyo. Na kama kisiwa kizima kinasubiri, hebu fikiria hali ya mwenye gesti ya vyumba sita pale Kilindoni, aliyemlipa kijana wa mjini amtengenezee tovuti na sasa anangoja simu ilie.

Kwake yeye jambo hili ni riziki. Uwanja wa ndege wa Mafia uko Kilindoni penyewe, na gati liko Kilindoni. Mgeni akitua tu, tayari yuko mlangoni pake. Lakini mgeni huyo mara nyingi amekwishapanga safari kabla hajaondoka kwao, na aliloliona kwenye simu ni hoteli za Utende, umbali wa kilomita kama 15, karibu na lango la Hifadhi ya Bahari. Anapanda gari, anapita Kilindoni, haoni sababu ya kushuka. Au anashuka, ila amekuja kupitia wakala wa mtandaoni anayekata asilimia 15 hivi ya bei ya chumba, na fedha hiyo haifiki kisiwani. Kutoonekana kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa kila usiku chumba kinapolala kitupu.

Tumezoea kuliona tatizo hili kama la kiufundi na la jana tu. Ukweli ni kwamba Mafia imeishi nalo kwa karne nyingi. Swali la nani anakifahamu kisiwa, kwa jina gani na kwa maneno ya nani, ni la zamani kuliko intaneti.

Tuanze na majina yenyewe. Kilindi ni maji ya kina kirefu, hivyo Kilindoni ni mahali penye kilindi. Mombasa nao wana Kilindini yao, tofauti ni herufi moja. Magharibi ya kisiwa kuna Ras Kisimani, palipokuwa na mji wa Kisimani Mafia, ambao sehemu yake imeliwa na bahari. Kisimani maana yake ni penye kisima. Mabaharia wa mwambao hawakuyatoa majina haya kwa ajili ya uzuri. Nahodha alitaka kujua mambo mawili matatu: wapi chombo kitaelea, wapi atapata maji ya kunywa. Jina la mahali lilikuwa jibu la swali lake. Anayetafuta kisima alisikia Kisimani, na safari ikaishia pale.

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kuonekana, na wazee wetu waliifuata bila kuiandika: jiite kwa kile mtu anachokitafuta. Sasa tazama tovuti nyingi za biashara ndogo. Juu kabisa pameandikwa "Karibu Sana" au "Nyumbani". Hakuna binadamu anayetafuta "Nyumbani". Kichwa cha ukurasa kikisomeka "Nyumba ya kulala wageni Kilindoni, Kisiwa cha Mafia, Tanzania", kitakuwa kimefanya kazi iliyofanywa na jina Kisimani.

Maandishi ya kale nayo yana funzo. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara asiyejulikana jina aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, unaoitwa Periplus. Anakitaja kisiwa kiitwacho Menuthias: ardhi ya chini yenye miti mingi, ndege na kobe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na watu wanaotega samaki kwa vikapu vya kusuka. Ukiwa mtu wa Mafia unasoma na kusema, hayo si madema yetu? Lakini mtu wa Pemba naye husema hivyo hivyo, na wa Unguja pia. Wanazuoni wamebishana kwa vizazi, wengine wakisema ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba delta ya Rufiji na kisiwa cha Juani akiyafuata mawasiliano hayo ya kale. Maelezo ni mazuri, tatizo ni kwamba hayasemi bila shaka ni wapi.

Ukurasa wa gesti unaosema "mandhari ya kuvutia, bahari ya buluu, ukarimu wa Kiswahili" ni Menuthias nyingine. Unaweza kuwa Lamu, Kilwa au Pangani. Mashine inayosoma ukurasa huo haina namna ya kujua kwamba gesti iko dakika chache kutoka gati la Kilindoni, mpaka iandikwe hivyo, kwa maneno, na mahali pake pawekwe kwenye ramani.

Baada ya Kisimani likaja zamu ya Kua, mji wa mawe kisiwani Juani, ambao Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia na kuuangamiza mapema katika karne ya 19. Kisha Chole ikawa mji mkuu, kiasi kwamba kisiwa kikubwa chenyewe kiliitwa Chole Shamba, na kile kidogo Chole Mjini. Wajerumani walipokuja wakakaa Chole. Mwaka 1913 wakahamishia makao yao Kilindoni, upande unaotazama bara na delta ya Rufiji. Vyombo vikafuata boma, na biashara ikafuata vyombo. Chole ilibaki na majengo yake yakimezwa na mizizi ya miti.

Anwani ikihama, watu huhama nayo. Na anwani ikihama bila kuacha kibao, watu hupotea. Wafanyabiashara wetu wengi wameacha nyuma yao Chole kadhaa za mtandaoni: tovuti ya kwanza iliyokufa, ukurasa wa Facebook wenye namba ya simu ya zamani, ramani inayowaonyesha upande mwingine wa mji. Injini ya utafutaji ikikuta majina mawili na namba tatu za duka moja, hupunguza imani. Kazi ya kwanza, nayo haina gharama, ni kuhakikisha jina, mahali na simu vinafanana kila vinapotokea.

Katikati ya hayo kuna mambo mawili yanayoonyesha jinsi Mafia ilivyokuwa ikionekana kwa wenye nguvu pekee. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Mafia imetajwa humo kwa jina, pamoja na pwani ya bara, kama sehemu ambayo Sultani wa Zanzibar angeishawishiwa kuiachia Ujerumani. Bei ya vyote ilikuwa marki milioni 4. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa, kwa sababu manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ng'ambo tu. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuitafuta na kuwaelekeza wapiga mizinga, mpaka ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Kwa miezi kadhaa kisiwa kilikuwa muhimu sana, ila kama jukwaa la kutazamia kitu kingine.

Mafia ilikuwa na la kusema kuhusu yenyewe. Kadhi Amur Omar Saadi alikusanya historia na mapokeo ya kisiwa, na mwaka 1941 yakachapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Jarida lilikuwa la Kiingereza. Sauti ilitoka Mafia, ila mlango wa kuifikia ulikuwa wa lugha nyingine. Hali hiyo haijabadilika sana: mengi yanayosomeka mtandaoni kuhusu Mafia yameandikwa na watu walioitembelea.

Wakati huo huo jina lilikuwa likiibiwa. Mwaka 1863, huko Palermo, iliigizwa tamthilia kuhusu wafungwa wa gereza la Vicaria iliyolieneza neno la Kisicily linalofanana kabisa na jina la kisiwa chetu. Mwaka 1865 neno likaingia katika taarifa ya serikali ya mji huo. Wareno walikuwa wamekwishakiandika kisiwa chetu, kwa tahajia ya Monfia, karne tatu kabla. Lakini utangulizi haukusaidia. Mwaka 1969 Mario Puzo alitoa riwaya yake ya The Godfather, mwaka 1972 ikaja filamu, na vita ya jina ikaisha. Hata sisi wenyewe tumesalimu amri. Mtaani Dar es Salaam mtu akisema "jamaa ni mafia", hasemi kwamba ametoka Kilindoni, na mwanasiasa akilalamikia "umafia" hawazungumzii wavuvi.

Ndipo mashine za kutafutia zikaja. Ya kwanza kwenye intaneti, Archie, ilitengenezwa mwaka 1990 katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, na Alan Emtage, kijana aliyetoka kisiwa cha Barbados. Inapendeza kwamba kazi ya kutafuta vilivyofichika ilianzwa na mtu wa kisiwani. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin wakaanzisha Google juu ya wazo jepesi kulieleza: ukurasa una uzito kwa kadiri kurasa nyingine zenye uzito zinavyouelekezea viungo. Kujisifu hakutoshi, lazima wengine wakutaje.

Nahodha wa zamani angelielewa wazo hili mara moja. Kisima cha Kisimani hakikujulikana kwa sababu wenyeji walipiga kelele. Kilijulikana kwa sababu aliyekunywa maji yake alimwambia mwenzake Kilwa, na mwenzake alikuwa mtu wa kuaminika. Kiungo kutoka tovuti ya chuo, ya Hifadhi ya Bahari, ya kampuni ya boti au ya mwandishi wa safari ni maneno ya nahodha wa namna hiyo. Wapo waliojaribu kuyanunua maneno hayo, wakilipa tovuti za ovyo ziwataje kwa mamia. Aprili 2012 Google ilibadilisha vipimo vyake, na wengi wa aina hiyo wakazama.

Nyaya za baharini, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, ziliifikisha intaneti ya kasi Dar es Salaam, na simu ikawa mlango wa karibu kila mtafutaji. Kwa hiyo ukurasa wenye picha nzito zisizofunguka kwenye simu umefungwa hata kama upo.

Sasa mwenye gesti afanye nini? Neno Mafia pekee aliache, hiyo vita hataishinda. Aende kwenye maswali madogo, ambako majambazi wa Sicily hawana la kusema. Boti kutoka Nyamisati huchukua muda gani, na maji yakitoka inakuwaje? Papa potwe huonekana miezi ipi? Hapa anayo hazina. Anajua kwamba potwe husogea mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi hivi, wakati ambao kaskazi huwa imeshika, na kwamba masika hoteli nyingi hufunga. Anajua bei ya bodaboda kutoka uwanja wa ndege na mahali pa kula pweza. Aandike hayo, ukurasa mmoja kwa swali moja, na ayahuishe yanapobadilika. Aandike kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni wa mbali anayemtafuta potwe kwa jina la kwao. Aandike na kwa Kiswahili, kwa sababu mtumishi anayehamishiwa Mafia, mwalimu, nesi au karani wa benki, naye anatafuta chumba cha wiki mbili, na kwa Kiswahili washindani ni wachache. Kisha asajili gesti yake kwenye ramani za Google, jambo lisilo na malipo, na amwombe kila mgeni aliyeridhika aache maneno mawili.

Kuna methali inayotuponza: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye gesti safi huitegemea, akaona aibu kujitangaza. Lakini kizuri hujiuza pale kinapoonekana. Kua ilikuwa nzuri. Kisimani ilikuwa nzuri. Methali inayofaa zaidi biashara yake ni ile nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone, na katika hiyo neno la kwanza la kutendea kazi ni njoo. Mtu haambiwi njoo bila kuelekezwa njia.

Mgiriki, Mreno, Mjerumani na Mwingereza, kila mmoja alikiandika kisiwa kwa haja yake, na mashine ya leo husoma kilichoandikwa. Tofauti ya zama hizi ni moja: anayekaa Kilindoni anaweza naye kuandika mstari wake, kwa simu iliyo mfukoni, na mstari huo ukawekwa kwenye foleni ile ile. Utaanza nyuma. Lakini mtu wa Rotterdam au Morogoro akiuliza usiku wa leo chumba kilicho karibu na gati la Kilindoni, Sicily haina jibu.