Kamba za Makumbi

Kabla ya nailoni, kamba ya makumbi ya nazi ilifunga karibu kila kitu katika vijiji vya pwani: fito za nyumba za udongo, makuti ya paa, vitanda, nanga za ngarawa. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kinataja mashua za kushonwa huko Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki. Mitepe, vyombo vya tanga vya Lamu, nayo ilishonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi, ubao kwa ubao, bila msumari, hadi ilipotoweka katika karne ya 20. Maji ya chumvi, yanayokula chuma, hayaiozeshi upesi kamba hiyo.

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, kazi hii ilikuwa ya wanawake. Nazi zikishafuliwa kwenye kifuo, makumbi yalibebwa hadi pwani maji yakiwa yamekupwa, yakafukiwa katika mashimo na kugandamizwa kwa mawe ili bahari isiyachukue. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe. Makumbi yalikaa humo miezi sita hivi, maji yakijaa na kupwa juu yake, huku bakteria wakilegeza nyama iliyoshika nyuzi. Yakifukuliwa mapema, hayachambuki.

Makumbi yaliyoiva hutoka meusi, na harufu yake huganda mikononi. Hupondwa kwa rungu mpaka nyama yote itoke, usumba ukaoshwa na kuanikwa. Kusokota ndiko kwenye ufundi hasa. Nyuzi chache huviringwa kati ya viganja, nyingine zikiongezwa kabla ya zile za kwanza kwisha. Kisha nyuzi mbili zilizosokotwa hupindwa pamoja kwa upande wa kinyume, zikashikana zenyewe bila fundo. Unene ukipishana, kamba hukatikia pale palipo pembamba, kwa hiyo mikono iliyozoea ilithaminiwa sana.

Historia za bahari husifu mafundi wa vyombo na manahodha, na wanastahili. Lakini hakuna mtepe ulioelea bila wasokotaji wa kamba, na ni haki watajwe pamoja nao.

Nailoni ilipoenea, wavuvi waliacha kununua kamba za makumbi. Kilimo cha mwani, kilichoanza Unguja mwaka 1989, kikawapa wanawake fedha nyingine pwani ileile. Wanaoendelea kufukia makumbi huwauzia zaidi wajenzi wa mapaa ya makuti, yakiwemo ya hoteli za ufukweni.