Themostati Haikuwa Adui

Mafundi wengi huamini kwamba gari la kale la Kiingereza likichemsha, dawa ni kung'oa themostati. Injini ya Jaguar XK, iliyozinduliwa mwaka 1948, inaipinga imani hiyo. Themostati yake ya awali ilikuwa na kola iliyofanya kazi mbili: maji yakipata moto, njia ya kwenda kwenye rejeta ilifunguka, na papo hapo kola ikaziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye pampu. Ukiing'oa, au ukifunga ya kisasa isiyo na kola, njia ya mkato hubaki wazi. Sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na injini huzidi kuchemka.

Atasema mtu kwamba kifaa hicho kilibuniwa kwa baridi ya Uingereza. Ni kweli kiliisaidia injini kupata moto haraka, lakini hata penye jua kali, injini isiyofikia joto lake hula petroli ovyo na silinda huwahi kulika. Wengine watasema themostati hukwama. Naam, hukwama, basi itumbukizwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na isipofunguka ibadilishwe kwa nyingine ya aina ileile.